Mwizi Aliyezima Soketi

Laptopu mpya ilikuwa palepale juu ya meza, inang'aa kama jino la dhahabu, na mwizi hakuigusa. Aliyoibeba ni ile kuukuu iliyokuwa pembeni yake, nzito kama tofali, yenye kona iliyopasuka na kibodi ambayo nusu ya herufi zake zilishafutika kwa vidole vya watu.

Inspekta alisimama katikati ya duka, mikono nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vilivyobadilishwa soli mara nyingi kuliko alivyopandishwa cheo. Wezi alishawaona wa kila namna: wa kuku, wa saini, wa waume za watu. Mwizi wa kuchagua kibovu akaacha kizima, huyo alikuwa mgeni kwake.

"Koplo, mlango umevunjwa?"

"Hapana, afande. Kufuli limefunguliwa kwa ufunguo, kisha likafungwa tena."

"Droo?"

"Chenji yote imo. Hata ile noti iliyobandikwa gundi."

"Basi tumeingiliwa na malaika," Inspekta alisema. "Chukua alama za vidole."

Koplo alikuwa ameshachukua, na uso wake ulionyesha alichokipata. "Zimo za mji mzima, afande. Hapa watu wamekuwa wakija kuchapa barua za kuomba kazi tangu mimi niko darasani. Nadhani hata zangu zimo."

Lilikuwa duka la steshenari na uchapaji, jembamba, limejaa karatasi mpaka darini. Mashine ya fotokopi ilichukua kona moja kama mzee aliyekataa kuhama. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi, na juu yake, kwa chaki ambayo hakuna aliyethubutu kuifuta, mwandiko wa kike uliolala kidogo: *Kaeni wima. Vidole vyepesi. Macho kwenye kioo, si kwenye herufi.*

Mwenye duka alikaa kwenye kiti cha wateja kama mgeni kwake mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Mzee Wino, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata tangu enzi za mashine za kurudufu. Alikuwa mgane. Mkewe, ambaye hata yeye alimwita Mwalimu, alifariki mvua zilizopita.

Koplo alifungua karatasi yake. "Mlalamikaji ameibiwa kompyuta mpakato moja..."

"Laptopu, mwanangu," Mzee Wino alisema. "Lakini andika utakavyo, ili mradi irudi."

"Thamani yake?"

"Haina. Fundi simu hapo jirani aliniambia hata kwa kilo haiuziki."

Inspekta alivuta kiti akakaa mbele yake. "Sasa mzee wangu, umetuamsha wote na chai zetu mdomoni kwa kitu kisichouzika?"

Mzee Wino aliutazama ubao. "Mke wangu yumo, afande."

Kalamu ya Koplo ikasimama.

"Alirekodi masomo yake humo," mzee aliendelea. "Jinsi ya kutunza kompyuta: umeme, chaja, begi, wezi, kila kitu. Kila asubuhi nikifungua duka nalibonyeza somo moja. Mimi nafagia, yeye ananisimanga. 'Usiiweke juu ya kitanda, itakosa hewa.' Mimi najibu, 'Sijaiweka, mama.' Basi, siku inaanza."

"Nakala huna?"

Mzee alicheka bila furaha. "Mwalimu ndiye aliyekuwa akiwahubiria watu nakala. Weka mahali pawili, na hapo pawili pasikae chini ya paa moja. Yeye akaziweka kwenye diski ya nje. Mwanangu akaiazima. Ukiifungua leo utakuta mechi za mpira, nusu fainali mpaka fainali."

Inspekta alielewa, na hakupenda alichokielewa. Laptopu ya wizi husafishwa kabla ya kuuzwa. Mtu anaifomati, anabonyeza kitufe kimoja, huku anatafuna kitu. Sauti ya mtu inakwenda na maji.

"Nilishamzika mara moja," Mzee Wino alisema polepole. "Sitaki kuitwa tena kaburini."

"Ina alama gani ya kuitambua?"

"Feni yake. Inaunguruma kama mtu anayeota ndoto mbaya. Ukiisikia huisahau."

"Neno la siri inalo?"

"Inalo."

"Lipi?"

"Siri."

"Mzee, mimi ni polisi."

"Mwalimu alisema hata polisi. Hasa polisi." Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, ng'ambo ya barabara, na sauti yake ikakauka. "Tena ni neno nisilolipenda. Aliliweka yeye. Tuendelee."

Inspekta hakuendelea. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza na tochi. Koplo, aliyemzoea, alimshikia kofia.

"Mzee," sauti ilitoka chini, "nani kazima soketi?"

"Wapi?"

"Hapa ukutani."

"Mimi sijagusa kitu. Jumamosi niliondoka nimeiacha inachaji." Alisita. "Ndiyo, najua. Mwalimu angenila mbichi."

Inspekta alitoka na waya wa ekstensheni mkononi. Ulikuwa umekunjwa mizunguko mipana, iliyolala moja juu ya mwenzake bila kujinyonga, na kufungwa kwa utepe wa kitambaa.

"Na huu?"

Mzee Wino aliuangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni. "Huo ni mkunjo wa Mwalimu. Waya ukiunyonga, nyuzi za ndani zinakatika, chaja inakufa kabla ya siku zake. Darasa la kwanza lilikuwa hilo. Kabla hajakufundisha kuwasha, anakufundisha kukunja."

"Chaja ya laptopu iko wapi?"

"Imekwenda nayo."

Hapo Koplo aliita kutoka mlangoni. Kulikuwa na ndoo nyekundu ya mchanga, ile ya kuzimia moto, na juu ya mchanga ulionyooshwa vizuri kwa kiganja ilikaa betri ya laptopu. Ilikuwa imevimba kama shavu la anayeumwa jino.

"Usiibonyeze," Inspekta alisema haraka. "Mzee, ulijua betri yako imekuwa hivi?"

"Nilijua laptopu inayumba mezani, haikai sawa. Nikaiwekea kitambaa chini."

"Ukaiwekea kitambaa."

"Laini."

"Betri imevimba, inachajiwa usiku kucha, juu ya kitambaa laini, ndani ya duka lililojaa karatasi."

Mzee Wino alifikiri. "Ukilisema namna hiyo linasikika vibaya."

Inspekta alijipangusa magoti. Mwizi aliingia kwa ufunguo. Alizima soketi, akakunja waya, akaing'oa betri kabla haijaleta maafa, akaitafutia mchanga. Kisha akafunga mlango wa watu na kwenda zake.

"Huyu kakuibia laptopu akakuachia duka," alisema. "Ni mwanafunzi wa mkeo. Funguo za hapa ziko ngapi?"

"Wangu na wa mwanangu. Mwalimu naye alikuwa na wake, lakini sijauona tangu msiba. Nilijua umepotea."

"Kufuli hukubadilisha?"

"Mwalimu alilinunua mwenyewe," mzee alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Na labda lilikuwa.

Mtoto wa Mzee Wino alifika na tai yake ya ofisini imehamia begani. Yeye ndiye aliyenunua laptopu mpya, na hakununua nusu: aliileta na begi lenye sponji, kibao cha kuiinua ipate hewa, na kebo ya chuma ya kuifungia mezani. Baba yake aliitumia kama kioo cha kuchania nywele.

"Baba yako anasema uliapa kuitupa ile ya zamani," Inspekta alianza.

"Niliapa, afande. Mdomo wangu husema mengi."

"Uliitaka itoke."

"Niliitaka iache kuvimba! Nilimwambia baba, kitu hicho kitatulipukia. Akaninunia. Hatujaongea mpaka leo."

"Jana, Jumapili, ulikuwa wapi?"

"Ukweni. Nina mashahidi wengi kuliko ninaowahitaji."

Inspekta alimrushia waya wa ekstensheni, uliokunjuliwa. "Hebu nikunjie huo."

Kijana alishangaa, lakini alitii. Aliuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, akavuta, akakaza, akafunga fundo ambalo lingemshinda baharia. Mzee Wino aliguna kwa uchungu.

"Mama yako angefufuka."

"Baba, mama alinikatia tamaa kwa habari ya waya nikiwa na meno ya utotoni." Kisha uso wake ukabadilika. "Afande, ile diski niliifuta mimi. Sikuangalia kilichomo. Kama laptopu haionekani, basi mimi ndiye... Itafuteni tu, tafadhali."

Inspekta alimpiga bega. Kwa kazi yake alijua kulitofautisha chozi la mtuhumiwa na la mtoto wa mtu.

Fundi simu alikuwa na kibanda ubavuni mwa duka. Alikuwa mtu wa maneno mengi na lenzi moja ya kukuzia vitu aliyoivaa kichwani kama taji.

"Mimi niibe ile? Afande, kuna wizi na kuna adhabu. Ile bila betri na bila chaja yake ni sinia. Pini yake nene, ya zamani, haiingii chaja nyingine yoyote."

"Lakini nasikia uliitaka kwa vipuri."

"Nilitaka skrubu. Tena nne tu."

"Nikunjie hii." Inspekta alitoa chaja yake kutoka begini, ile ya laptopu ya ofisi. Fundi aliinyakua, akaanza kuuzungusha waya kwenye kidude chake, kaza, kaza. Ghafla akaitupa mezani na kupuliza vidole.

"Umetoka kuichomeka?"

"Asubuhi, kituoni."

"Na bado ina joto hivi? Uliinunua wapi?"

"Barabarani. Yule aliniambia chaja ni chaja."

"Afande, hii si chaja, hii ni pasi. Soma mgongoni: volti zifanane na za mashine yako, ampea zisipungue. Hii haina hata maandishi. Inaogopa kujulikana." Akaisukuma mbali kwa kalamu. "Haya sisemi kwa akili yangu. Nimeyasikia ukutani kila asubuhi kwa sauti ya marehemu. Kibanda changu na duka lao ni ubao mmoja tu katikati. Leo kimya, hata mkono unakosea."

"Nani mwingine alijifunza kwake vizuri? Mpaka mkunjo wa waya?"

Fundi aliangalia kushoto na kulia, raha ya umbea ikipigana na heshima ya jirani. Umbea ukashinda.

"Kidole."

"Nani?"

"Yule wa ng'ambo, mwenye duka la uchapaji lenye vioo. Alikuja hapa hajui kuwasha taa. Anachapa kwa kidole kimoja, kama anayebonyeza kengele ya watu. Mwalimu akamwita Kidole, jina likagoma kutoka. Alimfanya mwanawe, afande. Anakula hapa, anafunga duka yeye. Miaka ikaenda, akafungua la kwake, mashine mpya, wateja wakavuka barabara. Mzee hajamsalimia tangu siku hiyo. Hata msibani alisimama nje, hakuingia."

"Mwalimu naye alimnunia?"

"Mwalimu?" Fundi aliishusha sauti. "Mwalimu alimnunia nani?"

Duka la Kidole lilipoza macho kama kiyoyozi: kuta nyeupe, safu ya laptopu, wateja watatu wanaojaza maombi ya kazi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Mikono yake ilichapa barua ya mteja bila yeye kuitazama. Vidole vyote kumi.

Inspekta alikuwa amevua kofia na kuvaa sweta juu ya sare. "Mama, nisaidie kuchapa ombi la likizo," alisema. "Bosi wangu hasomi mwandiko wangu. Anasema unafanana na ushahidi."

Kidole alitabasamu kwa adabu. "Karibu. Kaa hapo, nifike."

Inspekta alikaa. Na akiwa amekaa, akasikia. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kitu kiliunguruma, kikapanda, kikashuka, kikakwama, kikapanda tena. Kama mtu anayeota ndoto mbaya.

Lakini kusikia si ushahidi. Dunia imejaa vitu vinavyounguruma. Mumewe mwenyewe alikuwa mmojawapo.

Alianza kutaja maneno ya ombi lake, polepole, akitafuta namna ya kulifikia pazia. Hakulazimika. Umeme ukakatika.

Taa zilizima. Feni ya darini ilijikokota ikasimama. Wateja waliguna kwa pamoja, kama kwaya.

"Mtu asiguse!" Kidole alikuwa ameshasimama. Alipita ukutani anachomoa plagi moja baada ya nyingine, bila haraka, mkono ukishika plagi yenyewe na kamwe si waya. "Endeleeni tu na kazi zenu, betri zitawatosha. Hifadhini mlichoandika kwanza."

Na kweli, laptopu zote safu nzima zilibaki zinawaka. Nyuso za wateja zilikuwa za buluu gizani.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya.

Umeme ulirudi kabla mtu hajamaliza kulalamika. Taa zikawaka, feni ya darini ikaanza safari yake upya. Mteja mmoja alinyoosha mkono kuchomeka chaja. Kidole alimzuia.

"Subiri kidogo, kaka. Umeme ukirudi huwa umekasirika. Acha utulie."

"Nani kakufundisha hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Mtu."

"Na nyuma ya pazia kuna nini, bi mdogo?"

Mikono ya Kidole ilitulia. "Feni ya ukutani."

"Feni ya ukutani ingerudi pamoja na hii ya darini. Yako imekufa na haijafufuka." Inspekta alifungua kifungo kimoja cha sweta, sare ikachungulia. Hakupaza sauti. "Laptopu zako zote zimebaki macho. Niambie, laptopu gani hufa umeme ukikatika?"

"Isiyo na betri," Kidole alijibu, haraka, kama aliyeulizwa darasani.

"Na betri ikivimba tunaifanya nini?"

"Hatuitoboi, hatuibonyezi, hatuiachi karibu na karatasi. Tunaitoa, tunaiweka kwenye mcha..."

Neno lilimfia mdomoni. Alitazama mikono yake, akaketi taratibu kwenye kiti cha mteja.

"Kwenye mchanga," Inspekta alimalizia. "Ndugu wateja, duka limefungwa kwa muda. Hifadhini mlichoandika kwanza."

Laptopu ilikuwa juu ya meza ndogo, imeinuliwa kwa vipande viwili vya ubao ipate hewa, imefutwa vumbi mpaka kwenye mianya ya herufi. Kidole aliiwasha tena, feni ikaanza ndoto zake, na kioo kikaonyesha mstari mmoja mtupu unaosubiri neno la siri.

Koplo alimleta Mzee Wino. Mzee alisimama kwanza ukingoni mwa barabara, muda mrefu kuliko magari yalivyohitaji, ndipo akavuka. Mwanawe alimfuata nyuma. Mzee alipoingia aliiona laptopu, na mkono wake ukaenda kifuani.

"Imefutwa?"

"Haijafunguliwa," Kidole alisema. "Shikamoo, Baba."

Mzee hakuitikia.

"Bi mdogo," Inspekta alisema, "unafahamu kwamba lolote utakalosema Koplo ataliandika. Uliingia lini?"

"Jumapili, mchana, duka limefungwa."

"Kwa nini Jumapili?"

"Jumamosi nilimwona Baba kutoka mlangoni kwangu. Anaikandamiza laptopu kwa kiganja ikae mezani, kama anayefunga sanduku la safari. Nikajua betri imevimba. Nikamwona anafunga duka na taa ndogo ya chaja bado inawaka ndani. Sikulala usiku ule. Nilikaa dirishani nangoja moto, naogopa nikiingia gizani nitaitiwa mwizi."

"Ungemwambia."

"Nani? Huyu?" Alimwonyesha Mzee kwa kidevu, macho yamejaa. "Nikivuka barabara anaingia ndani."

Mzee Wino aliangalia sakafu.

"Ufunguo uliutoa wapi?" Inspekta aliuliza.

Kidole alivuta kamba shingoni. Ufunguo ulikuwa wa shaba, umelainika kwa kushikwa. Mzee aliutambua kabla haujawekwa mezani.

"Mwalimu alinipa mwenyewe. Alivuka na fimbo yake, alishaanza kuchoka. Akakaa hapo ulipo wewe, afande. Akasema, 'Mzee wako hajui kuzima vitu. Mimi nikiondoka atasahau kitu kinawaka. Wewe utazima.' Nikamwambia, Mwalimu, hanitaki. Akasema, 'Sikukuuliza anakutaka. Nimekuambia utazima.'"

Mtoto wa Mzee alijifuta uso kwa tai.

"Ulizima," Inspekta alisema. "Betri ukaitoa. Hapo ungefunga mlango ukaenda, na mimi ningekuwa nimekaa kituoni nakunywa chai. Laptopu uliibebea nini?"

Nje lori lilipita na vioo vikatetemeka, na Kidole alingoja lipite lote.

"Hilo ndilo jibu langu," alisema. "Malori. Kila asubuhi Baba anafungua anamweka Mwalimu. Mimi nafagia huku, mlango wazi, nasikiliza. Linapita lori, naambulia neno moja. 'Chaja.' Lori. 'Begi lenye...' Lori. Masomo yale tulirekodi wawili, afande. Maswali yote ya kijinga yaliyomo humo ni yangu. Kicheko chake kile ananicheka mimi." Alimgeukia Mzee. "Wewe unaye mzima kila asubuhi, Baba. Mimi nampata vipande. Nilipoishika mkononi siku ile, nilisema nitasikiliza somo moja, nitoe nakala, nikununulie betri, Jumatatu kabla hujaamka nimeirudisha. Basi. Sikutaka kingine."

"Ikakukatalia," Inspekta alisema.

"Nilidhani neno la siri nalijua. Nimejaribu jina lako, Baba. La mwanao. La mama yake Mwalimu. Jina la duka, siku ya harusi yenu, jina la yule paka. Usiku kucha, na leo kila nikipata nafasi. Jumatatu ikanikuta nayo mkononi, na gari la polisi mlangoni kwako. Nikaogopa."

Koplo aliandika nukta ya mwisho, akamwinamia Inspekta. "Afande, pingu?"

"Koplo, kunywa maji."

Mzee Wino alisogea mpaka mezani. Alivuta kiti, akakaa wima, vidole vyepesi, kama ubao ulivyomwagiza. Kidole, bila kuambiwa, alimgeuzia mgongo.

"Unafanya nini?" Mzee aliuliza.

"Mtu akiandika neno la siri tunageuza uso."

"Geuka hapa. Tazama."

Akageuka. Mzee alibonyeza herufi moja moja, kwa vidole vyake vyenye wino, akizitaja kwa sauti kama mtoto wa shule. K. I. D. O. L. E.

Kioo kikafunguka.

"Kila asubuhi," Mzee Wino alisema, bado anatazama kioo, "ili nimsikie yeye, lazima kwanza nikuite wewe. Nilikasirika kila siku. Nilisema, mwanamke huyu kaniwekea mtego halafu kaondoka. Ningeweza kulibadilisha. Nilijua jinsi." Akamgeukia Kidole. "Marahaba, mwanangu."

Kidole alikaa chini pale alipokuwa, sakafuni.

"Mlalamikaji," Inspekta alisema, "bado una malalamiko?"

"Ninayo. Huyu msichana hajanipa kiti kizuri."

"Hilo si jinai. Wewe kijana wa tai, ile diski yako ya mpira iko wapi?"

"Kwenye gari, afande."

"Ilete. Nakala ya kwanza hapa, ya pili kwa baba yako, ya tatu kwako, na ukiiwekea hata penalti moja nitakuja na hati ya kukukamata. Koplo, jalada lifungwe."

"Niandike nini, afande?"

"Andika kielelezo kimepatikana kikiwa hai."

Mzee Wino alikuwa ameshabonyeza. Feni iliunguruma, ikapanda, ikashuka. Kisha sauti ya mwanamke ilijaa chumba, ya karibu, yenye mkwaruzo wa chaki ndani yake.

"...kwa hiyo neno la siri usilibandike chini ya kibodi, wala usimtajie rafiki. Na usitumie jina la mtu unayempenda. Ndilo la kwanza watu watakalojaribu."

Kitu kiligonga meza kwenye rekodi, labda kikombe. Sauti nyingine, ya msichana, ikauliza, "Sasa wewe Mwalimu umeweka lipi?"

Mwalimu akacheka. Alicheka kwa muda, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na sakafuni pale mwanamke mwenye macho mekundu akaanza kucheka naye.

"Sikuambii," Mwalimu akasema. "Utavimba kichwa."